Nywele za Mbele

Jumamosi, 1 Machi 2008

Soko la muziki, kama kila Jumamosi. Mume wangu Fermín na santuri zake, mimi na mitumba yangu, mwanetu Eleazar nyuma yetu kama mtu tuliyemwokota njiani. Tangu yuko mgongoni tunakuja naye hapa. Wenzetu hapa Meksiko hupeleka watoto kanisani au kuangalia wanyama – sisi tulimpeleka kwa wapanki wenzetu, watu wa buti na viduku. Nusu ya wazee wa pale walimbeba. Leo wamemcheka.

Ni nywele. Amezifuga mbele mpaka zimefunika jicho lote la kushoto, na anazinyoosha kwa pasi yangu ya nguo. Suruali imembana hadi najiuliza anaivuaje. Emo, ndivyo wanavyoitwa vijana hawa – nyimbo za huzuni, wanja machoni, nyuso za matanga. Kunguni, rafiki wa Fermín tangu ujana (jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau), akamuuliza kama jicho la pili amelikodisha. Watu wakacheka. Fermín naye. Hakucheka kwa nguvu. Ila nilimsikia.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua belo jipya. Juu takataka: fulana za kampeni, sweta zilizoliwa na nondo. Chini kabisa – koti la mahameli! Jeusi, la miaka ya sitini, bitana rangi ya divai, kola ndogo kama ya padri. Wale wateja wangu wanaokuja na miwani mikubwa na kuiita mitumba "mavazi ya kale" ili wasione haya, wangelipigania. Sikulitoa mezani. Nimekaa na cherehani mchana kutwa, nimelibana ubavuni, nimepunguza mikono.

Eleazar akalivaa, akasimama mbele ya kioo cha kabati. "Ma, kweli ni langu?" Siku nyingi sijayaona meno ya huyu mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Hatukuuza sana. Jioni taarifa ya habari: katika mji mmoja kaskazini, jana, kundi la vijana wamewavamia emo uwanjani, wakawapiga mateke. Mtangazaji anasimulia huku akizuia kicheko. Fermín, tortila mdomoni, akasema hao si wanapenda kulia, basi sasa wamepata sababu. Eleazar akachukua sahani yake akaenda kulia chumbani. Kula, nataka kuandika. Lakini labda na kulia pia.

Nikamkumbusha Fermín mwaka themanini na sita. Polisi walivyotusomba kwenye lori kwa sababu ya viatu na nywele tu. Kiduku chake walikikata kwa mkasi wa kukatia bati, akarudi na kichwa kama shamba lililolimwa na mlevi. Alilia siku ile. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

Akasema haifanani. Sisi tulikuwa na la kusema. Hawa wana nini, vipodozi? Nikamuuliza tulisema nini hasa. Akaongeza sauti ya televisheni.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Kuku wa mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, wali, juisi ya rosela, na ulimi wa Bibi Eufrosina. Eleazar alivaa koti lake. Bibi akamtazama juu mpaka chini, akauliza kama amefiwa au amekuwa mwanamke, maana yeye anataka kujua amwombee nini.

Maneno hayo nayajua. Mara ya kwanza nilipoingia nyumba ile, na buti zangu na pini sikioni, aliniuliza kama mimi ni mwanamume au nimetoroka wodi ya vichaa, maana anataka kujua amwite nani. Fermín alisimama siku ile. Alinishika mkono, tukatoka, hatukurudi mpaka Eleazar alipozaliwa. Ndiyo siku niliyoamua kuolewa naye, kama mtu anataka kujua.

Leo akaongeza wali. Akasema, "Usimchokoze, Mama, wanja utalowa." Mama na mwana wakacheka pamoja. Kicheko kimoja, meno yaleyale. Nyani haoni kundule.

Nilimfunikia Eleazar goti kwa mkono wangu chini ya meza. Akalisogeza.

Alhamisi, 13 Machi

Maneno yanazunguka. Jumamosi wapanki na wengine watakwenda pale kwenye mzunguko wa barabara ambako emo hukutana mchana, "kuzungumza nao". Dalia, rafiki wa Eleazar, binti wa jirani wa chini, ameyasoma kwenye kompyuta. Mama yake amemfungia ndani tayari.

Nilimuuliza Fermín. Alikuwa anapaka buti zake rangi. Akasema yeye ana santuri za kuuza, hana muda wa watoto. Nikamwomba amkataze Kunguni. Akasema Kunguni ni mtu mzima.

Nilimwambia Eleazar asiende. Akanijibu kwa upole – hapo ndipo alinichoma – kwamba ni mimi niliyemfundisha kuwa mtu hakimbii kwa sababu ya nguo.

Jumamosi, 15 Machi

Wamempiga.

Jumapili, 16 Machi

Jana sikuweza. Leo naweza kidogo.

Saa saba Fermín aliniachia meza, akasema anakwenda kutafuta santuri moja kwa mtu. Sikumuuliza nani. Nilikuwa nabishana na mama mmoja juu ya gauni. Nilipofika nyumbani Eleazar alikuwa kwenye ngazi, Dalia anamfuta uso na soksi iliyoloweshwa. Jicho la kulia limeziba. Mdomo umepasuka. Na la kushoto liko wazi – nywele za mbele hazipo. Wamezikata. Mmoja amemshika mikono, mwingine kichwa, na wa tatu mkasi. Vimebaki visiki vimesimama juu ya paji kama mswaki uliochoka. Bega la koti limechanika mpaka kwenye bitana.

Nilimpeleka zahanati. Daktari alishona mdomo, akauliza kama alikuwa anatafuta ugomvi kwa kuvaa hivyo. Nilijiogopa.

Fermín alirudi jioni. Akasimama mlangoni, akaona, akasema, "Watoto wa siku hizi hawana simile." Akaenda kuoga. Alioga muda mrefu.

Leo asubuhi nilikuwa nashona bega la koti. Eleazar akaja akakaa karibu na cherehani, kama alivyokuwa akikaa mdogo. Akasema, "Ma, Baba alikuwepo."

Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani. Uzi ukajikunja, ukakatika.

Anasema hakumgusa. Alikuwa kando ya Kunguni, amekunja mikono. Kunguni ndiye mwenye mkasi. Yuleyule aliyemwogesha Eleazar mchanga kwenye beseni nilipokuwa na homa! Eleazar alimtazama baba yake wakati wote, kwa jicho lililobaki, na baba yake naye alimtazama.

"Nilidhani atasema kitu," akasema. "Hata jina langu tu."

Jumanne, 18 Machi

Nilingoja Eleazar aende shule. Nikazima redio. Fermín alijua.

Hakukana. Sijui kwa nini nilitaka akane. Anasema alikwenda ili yasiharibike zaidi. Anasema walikuwa wengi, joto, kelele, alichelewa kumtambua. Halafu anasema alimtambua mara moja, kwa koti. Anasema mkasi ulipotoka, miguu yake haikuwa yake.

Nikamwambia mkasi ule alikuwa anaujua. Aliujua kuliko mtu yeyote pale.

"Ningewaambia nini, Cuca?" akasema. "Kwamba yule ni wangu?"

Nadhani hakusikia mwenyewe alichosema. Mimi nilisikia. Miaka yote hii nimelala na mtu niliyedhani haogopi polisi, haogopi mama yake, haogopi Mungu – kumbe alikuwa anaogopa Kunguni asimcheke. Mabuti makubwa, misumari mabegani, na ndani yake Bibi Eufrosina ameketi anakunywa juisi.

Analala sebuleni. Yeye mwenyewe aliutoa mto, sikumwambia.

Ijumaa, 21 Machi

Ijumaa Kuu. Mama mkwe ametuma samaki, na salamu kwamba afadhali mtoto sasa anaonekana uso. Samaki nimempa paka wa jirani.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi. Fermín ameshapakia santuri na magunia yangu kwenye gari. Amevaa koti lake la ngozi, lile la misumari, niliyoipiga mimi mwenyewe mmoja mmoja tukiwa hatujaoana. Anasema tukikosa leo watu watasema. Kunguni atakuwepo, amempigia simu, anataka yaishe "kiume". Anataka Eleazar aje ampe mkono.

Kumbe emo nao wanakutana leo. Pale pale, kwenye mzunguko. Wataandamana. Mama yake Dalia amemfungulia mlango, na anakwenda naye – yule mama anayepeleka maua kanisani! Yuko chini na viatu vya raba.

Eleazar ametoka chumbani amevaa koti. Bega nililoshona linaonekana, mshono haukukaa vizuri, mahameli haisamehe. Visiki vya nywele amevisimamisha kwa mafuta, vyote, kama taji. Hakusema twende wapi. Aliniuliza tu kama nina buti za kutembelea mbali.

Naandika hapa jikoni, mguu mmoja umevaa buti, mwingine bado.

Honi.

Eleazar amekaa mbele yangu. Amejaribu kujipaka wanja kwenye jicho lililovimba, amejichafua mpaka shavuni. Ananipa kalamu ya wanja. Sijawahi kumpaka. Fermín anaita jina langu kutoka chini, langu tu.

Honi tena. Ndefu. Nimemwambia Eleazar atazame juu na asipepese macho.