Siku Niliyokataa Kupewa Mdogo wa Mke Wangu

Likasi, Jumapili jioni. Mvua ilianza tulipotoka kwenye misa na sasa yamebaki manyunyu tu juu ya mabati. Mbele ya mlango kuna tope jekundu lililokanyagwa na viatu vya wageni.

Shajara, leo najivunia nafsi yangu.

Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Mimi si mtu wa kujivuna. Ni karani katika kiwanda cha kuchenjua shaba, mtu anayesoma barua mara tatu kabla ya kuituma, na usingizini bado anajiuliza kama aliweka sahihi mahali pake. Naogopa wakubwa. Naogopa simu za namba nisizozijua. Wakwe zangu ndio ninaowaogopa kuliko vyote hivyo.

Na leo nimewakatalia, sebuleni kwangu, mbele ya chakula walichonipikia.

Mke wangu ameniruhusu kuyaandika haya hapa, ingawa wengine watayasoma. Majina yote si ya kweli. La kwake amelichagua mwenyewe: Béa.

Tulioana miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa pili alianza kutokwa damu, tukadhani ni mimba inayoharibika. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Alitibiwa kwa mionzi Lusaka, nami nikalala kwenye benchi za hospitali pamoja na waume wengine wa kutoka huku kwetu. Namshukuru Mungu, ugonjwa umerudi nyuma. Béa anatembea mpaka getini, anabishana na redio, anacheka. Lakini kabla hatujaondoka, daktari alitukalisha wote wawili akatuambia polepole kwamba mtoto hatapatikana, na kwamba tendo la ndoa litakuwa maumivu kwake, huenda kwa maisha yote.

Tuliporudi tulijaribu mara moja. Niliuona uso wake. Sikujaribu tena.

Nina miaka thelathini, na sitajifanya malaika. Mwili wangu haukuhudhuria ule mkutano na daktari. Kuna siku napita soko la Kikula nikitazama chini kama mtu aliyeangusha funguo, kwa sababu nikiinua macho naona mengi. Kazini mwenzangu mmoja, ambaye anajua hali ya nyumbani, hanipi nafasi ya kupumua. Kwetu mwanamke wa pembeni huitwa deuxième bureau, ofisi ya pili, na yeye amefurahi mno kwamba mimi ni karani. "Weye muntu wa bureau," ananiambia wengine wakisikia, "bureau moja njo itakutosha? Hata chef iko na mbili." Nacheka pamoja nao. Nikirudi mezani kwangu, nasoma barua moja mara sita.

Nimekuwa mwaminifu, lakini sikuwahi kujua kama ni uaminifu au ni woga. Nilifikiri labda sijaanguka kwa sababu sina ujasiri wa kuanguka. Hilo limenitesa kuliko tamaa yenyewe.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo wageni wa leo wasingekuja.

Béa aliporudi kutoka hospitali, mdogo wake Solange alikuja kukaa nasi. Ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, amemaliza masomo ya ualimu, na akiwaza kitu anakisema. Alimwogesha dada yake, alifua, alitupikia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kila siku bila kununa. Niliona aibu kupokea yote hayo bila shukrani. Karibu na Noeli nikaenda sokoni peke yangu, nikamchagulia kitenge cha maua ya njano, nikampa kwa mikono miwili, Béa akiwa ameketi pale pale.

Nilidhani nimefanya jambo la adabu.

Aliyelelewa na bibi zake angejua. Mdogo wa mke wako humpi kitenge kwa mkono wako. Unampa mkeo, naye anampa mdogo wake. Ukimpa wewe, na mkeo ni mgonjwa, umeshasema neno. Mimi nimekulia shule za bweni. Nilijua kunyumbua vitenzi vyote vya Kifaransa, na hili sikulijua. Solange alishukuru akakikunja. Béa aliyatazama yale maua ya njano. Habari ikatembea mpaka Kapolowe, kwa mama yao.

Leo wamekuja watu watatu. Mama mkwe. Tantine Odette, shangazi yake Béa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Na Papa Célestin, mshenga wetu, aliyebeba maneno ya posa na tangu hapo anaendelea kuyabeba, kwa sababu kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Mama huyo huketi upande, kitambaa kikishuka hadi kwenye nyusi, na mimi hutazama ukuta. Katika miaka mitatu sijawahi kuuona uso wake wote kwa pamoja.

Walikuja na bukari na kuku ameshapikwa. Solange akaingia amevaa kile kitenge, kimeshonwa vizuri, akapiga magoti akaweka sahani mbele yangu. Nilijua kabla mtu hajafungua mdomo.

Tantine Odette ndiye aliyesema. Aliusifu uvumilivu wangu. Alisema mkwe mwingine angeshamrudisha mgonjwa kwao zamani. Akaeleza, kama mtu anayekabidhi zawadi, kwamba katika ukoo wao mke akishindwa na mambo ya ndoa, familia humpa mume mdogo wa huyo mke, ili nyumba isivunjike na watoto wapatikane. Béa angebaki mkubwa wa nyumba. Hakuna ambaye angemgusa.

"Haiko mugeni tunakuletea," akasema. "Ni damu yetu. Na weye mwenyewe ulishasema na kitenge."

Papa Célestin alikuwa ameshalitazama paja la kuku muda mrefu. Akapiga makofi mawili ya heshima na, bila hata kunigeukia, akanijibia: "Mukwe anafurahi. Anasema aksanti."

Ndivyo inavyofanyika. Mkwe hunyamaza, mshenga husema, na kunyamaza kwako ni sahihi yako. Kama ningechukua tonge moja la ile bukari, neno lingekuwa limekwisha. Maisha yangu yote nimenyamaza mahali kama hapo. Nilinyamaza wakubwa waliponihamisha, nilinyamaza fundi aliponiharibia mlango. Na nisiseme uongo: kulikuwa na sehemu ndogo ndani yangu iliyosema nyamaza tu, hakuna atakayekulaumu, wamekupa wenyewe.

Nikatelemka kwenye kiti nikapiga magoti juu ya saruji. Nikapiga makofi kwa heshima, kisha nikageuka kumwelekea mama mkwe mwenyewe, ingawa macho niliyaweka chini.

"Ba mama, munisamehe. Leo minye mwenyewe njo nitasema. Kitenge ilikuwa aksanti ya kazi. Sikuuliza, ni kosa yangu. Lakini bibi yangu haikufa. Iko anakaa pale, anatusikia. Juu ya nini munaleta muntu wa kukamata nafasi yake?"

Sauti yangu ilipasuka kama ya mvulana anayebalehe. Papa Célestin alirudisha mkono wake kutoka kwenye paja la kuku.

Tantine hakukasirika. Alicheka, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Unasema hivi juu mvua inanyesha, mukwe. Tutakuona mu mwezi ya sita, wakati baridi ya Likasi inakamata muntu mu mifupa."

"Tantine, baridi iko na bulangeti," nikajibu.

Sijui jibu hilo lilitoka wapi. Solange akaficha kicheko kwenye kiganja. Nikaona ni heri niseme ukweli wote kabla woga haujarudi. Nikawaambia kwamba mwili wangu si mti, kwamba unaniuma, kwamba kuna siku naona aibu ya ninayoyawaza. Nikasema sihitaji kusifiwa kwa jambo ambalo kila siku nalianza upya. Nikasema tuliahidiana kanisani katika uzima na katika ugonjwa, na mimi ni karani, sijui kusoma nusu ya sentensi.

Tantine akasema padri haishi nyumbani kwangu. Halafu akanitazama tofauti, karibu kwa huruma, akatoa alichokuwa amekificha.

"Si sisi. Béa mwenyewe njo alituita."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niligeuka. Béa alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anavuta uzi kwenye ncha ya shali, hanitazami. Kumbe alikiona kile kitenge, akafanya hesabu yake kimya kimya, na badala ya kulia akamtumia mama yake ujumbe. Alikuwa amenitoa. Alinitoa kwa upendo, lakini alikuwa amenitoa.

Nilisahau wageni. Nilisahau hata kuogopa.

"Béa, kama unanifukuza, nifukuze. Nitaenda. Lakini usinipatie muntu."

Aliuzungusha ule uzi kwenye kidole, akaukata.

"Minye kukufukuza?" akasema. "Apana."

Neno hilo moja. Ningeweza kulala pale pale chini kwenye saruji.

Ndipo Solange, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, akasimama na kukung'uta kitenge chake. "Na minye, mulikuwa munangojea kuniuliza wakati gani? Niko na wangu, mwalimu wa Mulungwishi. Na iko anajua kupika."

"Mwalimu gani?" Tantine akageuka mwili mzima. "Tangu lini? Ba mama, mulikuwa munajua?" Na kwa dakika kadhaa kesi yangu ikawekwa kando kabisa. Tantine alitaka jina la baba wa mwalimu, kabila, kanisa, na kama mshahara wake unafika kweli. Namshukuru mwalimu huyo ambaye sijamwona.

Mama mkwe hakuwa amesema kitu tangu afike. Nilijua kila kitu kinamsubiri yeye. Kama angeamuru vyombo vifungwe na kuku arudi Kapolowe, ingemaanisha nimemtukana, na Béa angekuwa ameketi kati ya mume na mama mpaka mwisho wa maisha yake. Aliinuka. Akaichukua ile sahani iliyokuwa mbele yangu, akavuka sebule na kuiweka kwenye mapaja ya binti yake mgonjwa.

"Célestin," akasema, kwa sababu hata wakati huo hakuniita mimi, "ambia bibi yake amupatie kulya."

Béa alisimama kwa shida. Solange alitaka kumshika mkono, mama yao akamzuia. Hatua chache tu, sahani ikitikisika, mchuzi ukamwagika kidogo kwenye kidole gumba chake. Akaiweka mbele yangu. Nikala. Kila mtu akala, Papa Célestin kuliko wote. Kuku alikuwa na chumvi nyingi na sijawahi kula chakula kizuri kuliko hicho.

Walipoondoka, nilidhani Béa atanishukuru. Alinikasirikia. Aliniuliza kwa nini nimeongea habari za mwili mbele ya mama yake, mimi ambaye siwezi kumwomba kondakta chenji. Kisha hasira ikaisha akanieleza. Alisema amechoka kuwaza jina asilolijua. Kila nikichelewa kazini anamwaza mwanamke fulani, anampa uso, anampa nywele. Aliona afadhali awe Solange, mtu ambaye angeweza angalau kumgombeza. Akaniuliza nitafanyaje baada ya miaka mitano, baada ya kumi, wenzangu wakiwa na watoto wa kutuma dukani.

Nilitaka kumjibu kwa maneno makubwa. Badala yake nilimwambia sijui kuhusu miaka kumi. Nilimwambia wenzangu wataendelea kunitania, na baridi ya mwezi wa sita itakuja kweli. Nikamwambia pia jambo nililoligundua nikiwa magotini: kwamba leo nilipewa ruhusa na kila mtu, pamoja na yeye, na hakukuwa na chochote cha kuogopa katika kukubali. Kuogopa kote kulikuwa upande wa kukataa. Na nimekataa.

Kwa hiyo haukuwa woga ulioniweka nyumbani miezi yote hii. Nilikuwa nimejidhania vibaya.

Hilo ndilo ninalojivunia, shajara. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mwoga katika kila kitu kingine na bado awe mume.

Je, nitaweza tena kesho, mwenzangu akianza na deuxième bureau yake? Labda nitacheka tena. Labda nitaisoma tena barua moja mara sita. Ila nafikiri safari hii nitamwambia kwamba bureau yangu moja ina kazi nyingi.

Béa ananiita. Tangu mionzi, miguu yake huvimba jioni, na daktari alinionyesha namna ya kuikanda, kutoka kwenye kifundo kwenda juu, polepole. Amesema nilete mafuta, na niache kuandika habari zake kabla sijawaambia watu kwamba anakoroma.

Anakoroma. Naenda.