Mikro ya Yaya Deo

Maman mupenzi,

Nakusalimia sana toka Bukavu. Umeamuka vizuri? Mugongo unakuachia kidogo? Tunasikia ndege haishuki huko kwako Shabunda kama zamani, basi sijui barua hii utaipokea kwa mukono wa nani. Mimi mwili ni muzima. Nataka kukuambia habari ya kaka yangu, Yaya Deo, mimi mwenyewe, kabla wengine hawajakuambia vibaya.

Mikono yake haikupona, maman. Vidonda vya risasi vimefunga, lakini vidole vimekauka kama kuni. Havishiki kalamu, havishiki kijiko. Mimi ndiye ninamulisha. Na unajua kazi yake hapa bironi, ofisini kwetu: watu wanakuja kueleza mambo ya vita, yeye anapiga maneno yao kwa mashine.

Chef, mukubwa wetu wa kazi, hakutaka kumufukuza. Muzungu mumoja alipita akatuachia programu ya ordinateur, ile kompyuta: unasema Kifaransa ndani ya mikro ya kuvaa kichwani, maneno yanajiandika. Chef akaniita pembeni. "Riziki, umufundishe kaka yako. Akiweza, atabaki. Asipoweza, mimi nitafanya nini?"

Mwanzoni ilikuwa haya tupu. Yaya anasema "bonjour", mashine inaandika takataka. Nikatafuta. Nikaona mustari wa sauti unaruka mpaka kwa nyekundu. Ile mikro ilikuwa inaongeza sauti yenyewe. Nikazima hiyo, nikashusha kipimo cha sauti. Nikasogeza mikro kwa pembe ya mudomo, pumzi isiipige. Jenereta ya jirani ilikuwa inaingia pia, basi tukahamisha meza mbali na dirisha. Kisha nikamusomesha upya ile maandishi ya kuzoesha mashine sauti yake, polepole, mpaka koo ikakauka.

Siku moja asubuhi akasema sentensi nzima, na yote ikatoka sawasawa. Aligeuka kuniangalia. "Riziki! Iko nanisikia!" Maman, tangu wamurudishe toka barabara ya Bunyakiri sikuwa nimeona meno yake.

Chef alifurahi. Akamuambia aanze na ushuhuda wake mwenyewe, kwa sababu gari lililopigwa risasi lilikuwa la biro yetu. Yaya akafunga macho, akaanza. Akasema Bunyakiri. Mashine ikaandika, kwa Kifaransa, "bon, y a qui rit", ni kusema "vema, kuna anayecheka". Mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Yeye hakuona, akaendelea. Akafika kwa dereva, Mushagalusa, yule aliyemufia kifuani. Akataja jina. Mashine ikaandika "mouche". Nzi.

Yaya akafungua macho, akasoma.

"Tengeneza mikro," akasema.

Nikapandisha kipimo, nikashusha. Nikafunga mulango. Akarudilia jina, polepole, kama anaita mutu ngambo ya mutoni. Nzi. Mustari wa sauti ulikuwa kijani, maman, hauna kosa. Mikro ilikuwa inamusikia vizuri kabisa.

"Si mikro, Yaya. Hii mashine haijui majina yetu. Tunaweza kuyaingiza moja moja, mimi nitaandika."

"Na vijiji? Na wale wote wanakuja hapa kutaja watu wao?" Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Nivue hii kitu."

Nikamuvua, kwa sababu yeye hawezi. Hakurudi tena bironi. Majina ya ushuhuda wake niliyaingiza yote peke yangu, na sasa mashine inaandika Mushagalusa bila kosa, lakini ilizoea sauti yake tu. Nikisema hilo jina mimi, inachanganya. Chef alingoja, kisha akachukua mutu mwingine wa kupiga kwa vidole. Sikumulaumu.

Sasa Yaya iko hapa Bagira kwangu, anakaa kwa kitanda, anaangalia ukuta. Hasemi. Ningemuleta kwako, lakini kwa njia gani? Nawe usijaribu kuja, maman, nakuomba. Barabara zote sasa ni kama ile ya Bunyakiri. Sioni kitu cha kukuambia usubiri.

Unisalimie tonton, mujomba katekista, na shangazi wa sokoni, na muke wa Yaya. Huyu umuambie polepole, akiwa ameketi. Watoto umubusu kila mumoja.

Nilimuuliza Yaya, "Niandike nini kwa maman toka kwako?" Nikamunywesha chai.

Akasema, "Muambie niko."

Hiyo tu.

Ni mimi binti yako,
Riziki