Mwalimu Karel Majini

Shoga, acha kazi usome. Niko kwenye kompyuta ya ofisini, nywele bado mbichi.

Unakumbuka Evelien wa hapa kazini alinipa tiketi ya kuoga maji ya moto, mtindo wa Kijapani, kule mtaa wa Ixelles? Hakusema wanaume na wanawake wanaoga pamoja. Uchi! Nguo ya kuogelea marufuku. Nikajifunga kanga, nikasema nimeshafika, naingia.

Nani yumo majini? Mwalimu Karel. Mwalimu wa Rayan! Yule yule tuliyepanga kuonana naye Ijumaa kuamua kama mtoto atarudia darasa.

Mwenye akili angegeuka. Mimi nikamsalimia! Ningempitaje mwalimu wa mwanangu bila salamu? Nikampa mkono, nikauliza habari za nyumbani, za mama yake, za baridi.

Naye ana adabu zake. AKASIMAMA. Shoga, alisimama! Maji yanamfika magotini.

Nikatazama dari. Yeye anaongea kama tuko ofisini kwake: "Kwa kuwa tumekutana, Madame, tuyamalize hapa. Hesabu zimemshinda. Naona arudie."

Na unajua nilivyojiandaa. Kurasa tatu za hoja! Nilikuapia wewe mwenyewe kwamba sitakubali hata wakinifukuza.

Nikasema, "Sawa, mwalimu, arudie, lakini kaa. Tafadhali kaa."

Akakaa.

Mtoto anarudia darasa la nne kwa sababu mama yake alishindwa kutazama dari dakika mbili zaidi.