Lenzi ya Mlima na Lenzi ya Mama

Jumamosi ya baridi, mwezi wa saba.

Niliposhuka Mbulu asubuhi, ukungu ulikuwa umekaa barabarani kana kwamba nao unasubiri basi. Watu walikuwa wanatokea vipande vipande: kwanza miguu, kisha blanketi, sura mwishoni kabisa. Nikasimama pale nikijiambia, hii nayo ingekuwa picha. Ndio ugonjwa wangu wa mwaka mzima huu. Nafundisha Nangwa, na wanafunzi wakiwa wanaandika mimi nageukia dirishani, naupima Mlima Hanang kwa vidole. Hapa ningekata. Hapa ningeliacha wingu.

Leo nimekwenda kuchagua kamera.

Bwana Bura, anayepiga picha za harusi na za pasipoti pale mjini, anauza ile DSLR, kamera ya kubadilisha lenzi, aliyoanzia kazi. Kuchagua kamera yenyewe hakukunisumbua, maana ilikuwa moja. Kazi ilikuwa kwenye lenzi. Aliweka mbili mezani: ndefu, ya kuvuta vitu vya mbali, na fupi, iliyokaribia kutoshea kwenye kikombe cha chai. Fupi haivuti chochote. Ukitaka kitu kiwe karibu, unakifuata kwa miguu yako.

"Mwalimu, wanaoanza wote wanahangaika na kamera," aliniambia. "Kamera ni mwili tu. Jicho ni lenzi."

Akanishauri nianze na betri ya pili, kwa sababu umeme wetu naujua. Memori kadi mbili ndogo ni afadhali kuliko moja kubwa. Begi lisubiri. Stendi ya miguu mitatu ni lazima nikichukua ndefu, kwa sababu ndefu haitaki mkono unaotetemeka. Kisha akanikabidhi kamera, na lenzi zote mbili akanifungia kwenye kitambaa. Alitaka nizijaribu nyumbani, Jumatatu nimrudishie moja.

Sikumwambia kwamba nilishachagua ndefu kabla sijapanda basi. Watu wote nawaambia ni kwa ajili ya mlima. Shajara, wewe nisikudanganye.

Baba alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja ya peke yake. Tuliikuza ile ya kitambulisho cha kupigia kura. Ikatoka na ukungu mzito kuliko wa leo, masikio yamekatwa, ikawekwa juu ya jeneza kwenye fremu nzuri. Waliotoka mbali walikuwa wananong'ona wakiulizana huyu ni nani. Mama alipita mbele yake bila kuitazama. Aibu ile haijanitoka.

Tangu siku hiyo nataka picha moja ya Mama, safi, sura yake yote. Na tangu siku hiyo Mama hataki. Kwetu ukimwambia mzee akae peke yake, anyooke, atazame mbele, anajua unawaza nini. Nikitoa simu tu, anajifunika khanga usoni.

"Unanitafutia ya jeneza?"

Ndiyo maana nilitaka lenzi ndefu. Nimwibe kutoka mbali.

Nilifika nyumbani kwetu Maretadu mchana, jua limeshatoka. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Sikupiga hodi. Nilinyata nyuma ya zizi, nikafunga lenzi ndefu kwenye kamera, nikaweka jicho, na ghafla Mama akawa hapo hapo, karibu kuliko nilivyowahi kumwona tangu nikiwa mgongoni kwake. Nywele zilizotoka chini ya kitambaa. Midomo inayohesabu kitu. Nilisahau kubonyeza. Nilikaa mle ndani ya lenzi sijui muda gani, kama mtu aliyeota amerudi utotoni na hataki kuamshwa.

Mwishowe nikabonyeza hivyo hivyo, bila stendi. Kwenye kioo cha kamera alitoka bibi mmoja aliyeinama, ameyumba, hajui kama anatazamwa. Hakuwa Mama. Nilijisikia mwizi.

"Toka huko," akaita bila kuinua kichwa. "Unaniwinda kama digidigi?"

Nikatoka na haya zangu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ulianza lini kusalimia kutoka zizini?"

Nikakaa chini karibu na ungo nikamwambia yote: fremu ya Baba, masikio, minong'ono, na kwamba naogopa siku yake ije na mimi sina kitu. Nililia, nakiri. Mama aliendelea kutupa mawe ya maharage pembeni. Alipomaliza ungo, akasema taratibu, "Baba yako alikuwa na masikio mazuri."

Kisha akafungua kitambaa kichwani, akakifunga upya.

"Haya. Piga."

Nikafunga lenzi fupi. Ikabidi nisogee, nisogee tena, hadi magoti yangu yakagusa ungo wake. Safari hii Mama alinitazama mimi, macho kwa macho, na alitaka kucheka. Nikabonyeza.

Shajara, nimeiharibu. Lenzi ile inataka uiambie ni wapi pa kutazama, nami sikuiambia. Punje za maharage zimetoka kali, unaweza kuzihesabu. Uso wa Mama uko nyuma ya punje hizo, laini, umeyeyuka kama mlima asubuhi.

Mama aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho yake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Maharage yametoka vizuri," akasema. Akanirudishia. "Hii weka ukutani. Ile ya jeneza utapiga ukishajua kupiga."

Akaingia jikoni kuinjika chai.

Jumatatu namrudishia Bwana Bura lenzi ndefu. Mlima Hanang hauendi popote. Fupi nabaki nayo, na kila nikija nyumbani nitakaa mbele ya ungo nijifunze.

Lakini polepole. Polepole sana.