Kitambaa Juu ya Kompyuta

Jumanne, Juni 2008

Fundi nimemwita mwizi mbele ya majirani, kumbe hakuna mwizi.

Wiki jana aliweka kadi mpya ya picha kwa hii kompyuta nzee ya marehemu mwanangu, ndio mjukuu wangu Wanja acheze gemu yake ya magari. Tangu tumtoe Kuresoi, kwa vile vita vya uchaguzi, mtoto haongei. Ni akicheza tu ndio unamsikia, "Shosho, ona!"

Mimi nikaifunika na kitambaa nilichoshona, vile nafunika tivi na redio. Nyumba yangu si zizi.

Leo imenuka kuungua, kioo kikawa cheusi. Nikamwita fundi, akainua kitambaa kwa vidole viwili.

"Mathe, kadi mpya inatoa joto mingi. Umeziba pahali inapumulia. Imeungua, na ya kuingia kwa mashine nzee hivi nilipata hiyo moja tu Nakuru mzima."

"Mwizi wewe, umeniuzia kadi mbovu! Toka kwangu," nikamwambia, majirani wakisikia.

Wanja akauliza ni nani ameiharibu. Nikasema ni stima, eti umeme ulikuja na nguvu.

Ameitikia kwa kichwa tu. Tangu hapo hajafungua mdomo, na uji amekataa. Ee Mungu, fundi nitamwomba msamaha, hata nikipiga magoti. Lakini huyu mtoto nitamwambiaje kwamba ni mimi?