Waliimba Walipokuja kwa Nthiga

Siakago,
Jumatano asubuhi.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na nyumba yote ya Kianjai. Natumaini goti la Mama limepata nafuu sasa baridi imepungua, na kwamba yule ng'ombe mweupe alizaa salama. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili, Baba, kwa sababu mengine yote ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu. Simu ninayo, lakini nikisikia sauti yako najua nitakata kabla sijafika ninapotaka kufika. Tafadhali soma kwanza peke yako, kisha umweleze Mama kwa namna utakayoona inafaa. Mwalimu Mwongera anayekuletea barua hii tunafundisha pamoja. Hajui yaliyomo ndani.

Unamkumbuka Nthiga, yule fundi wa mbao aliyetengeneza kitanda nilichowaletea Krismasi. Labda sikuwahi kukuambia kwamba haendi kanisani. Aliacha zamani, akarudia ibada ya mababu. Yeye na mkewe na jamaa wachache hukutana asubuhi katika kibanda cha mabati nyuma ya karakana yake, kisha hutoka nje, wakaelekea Mlima Kirinyaga na kuinua mikono, wakamwomba Mwene-Nyaga, Mungu wa mababu. Basi. Hawapigi ngoma, hawamvuti mtu. Mkewe bado tunamwita Beth, ingawa yeye hucheka na kusema jina hilo alilirudisha kanisani kwa wenyewe. Imani yangu unaijua, Baba. Ibada yao sikuwahi kuitamani, na nilipohamia hapa hata niliogopa kupita mbele ya ua wao. Lakini nilipolazwa na homa ya matumbo, Beth ndiye aliyenifulia nguo na kunifagilia nyumba, na hakunihubiria hata neno moja.

Mwaka huu mvua imetukataa. Ndengu zilichipuka zikakauka zingali fupi. Mdogo wangu Mutuma alikuwa amekodi shamba upande wa chini, akaweka humo mshahara wake wote wa duka la vifaa vya ujenzi, na nilimwona akirudi jioni bila kutaka kula. Kisha kukaja mhubiri mgeni, akafanya krusedi uwanjani karibu na soko. Siku ya mwisho alisema mbingu za Siakago zimefungwa kwa sababu kuna madhabahu ya kigeni katikati yetu, na mpaka ivunjwe hatutaona tone. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Niliona watu wakigeuka kutazama upande wa karakana ya Nthiga, na mimi pia, Mungu anisamehe, niligeuka.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ilitangazwa kwamba vijana na kwaya watatembea hadi kwa Nthiga kuombea boma lake. Mchungaji wetu Muturi alitoa baraka, yeye mwenyewe akabaki. Mimi nilifuata. Nilidhani tunaenda kuomba kama tulivyoambiwa. Tulikuwa tumevaa nguo za Jumapili, akina mama wameshika Biblia, na Gladys, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyeanzisha wimbo. Ni wimbo ule unaoupenda wewe, Baba, ule tuliouimba kwenye mazishi ya Nyanya. Siku hizi siwezi kuusikia.

Sasa nisikilize. Nthiga alitoka akatupokea kwa mkono. Alidhani ni wageni! Alisema, "Karibuni, karibuni, leo mmetukumbuka," na Beth akaingia ndani kutoa viti. Nilimwona akija na benchi begani na kigoda mkononi, akitafuta mahali penye kivuli pa kuwakalisha akina mama. Hata hajakiweka chini kile kigoda, nikasikia mlio wa bati likichanwa. Vijana walikuwa wameshapanda juu ya kibanda. Baba, nilikuwa sijawahi kuona watu ninaowajua wakibadilika sura namna ile. Mtu aliyenishika mkono asubuhi akiniambia amani iwe nawe alikuwa akipiga nguzo kwa nyundo. Na wimbo ulikuwa unaendelea. Hakuna aliyekosea hata sauti.

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto kwamba kila mtu katika nchi hii ana haki ya kuabudu atakavyo, au asiabudu kabisa. Nimeliandika jambo hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka. Siku ile nilisimama pale nikitazama tu, mpaka nilipomwona Beth akiliangusha benchi na kwenda kusimama kwenye mlango wa kibanda, mikono ameitandaza. Hapo ndipo nilipoenda nikasimama kando yake. Nilipaza sauti, nikawaambia waache, nikawaita kwa majina, na sauti yangu ikamezwa na kwaya.

Jiwe lilikuja. Lilimpata Beth kwenye jicho la kushoto. Alikuwa karibu nami kiasi kwamba damu ilirukia gauni langu. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kisha watu wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wengine wakikung'uta vumbi kwenye viatu. Tulimkimbiza Beth hospitalini Embu. Daktari amesema jicho hilo halitaona tena.

Polisi walipokuja kuuliza, hakuna aliyeona. Ua wa Nthiga ulikuwa umejaa watu, na hakuna aliyeona! Huyu alikuwa amefumba macho akiomba, huyu alikuwa nyuma, yule alikuwa ameshaondoka. Hilo ndilo lililonishtua kuliko hata jiwe lenyewe. Hasira ya watu wenye njaa naweza kuielewa kidogo. Lakini hawa walikuwa wameshalala, wakaamka, wakanywa chai, kisha wakasema hawakuona.

Mchungaji Muturi alinitembelea na wazee wawili. Walizungumza kwa upole. Walisema jambo limetokea na linasikitisha, kanisa litachangia matibabu, lakini nisilitie kanisa aibu kwa ajili ya watu wasiomjua Mungu. Nilimwuliza, kama Waislamu wa pale sokoni wangekuja kubomoa kanisa letu na kumpofusha mkewe, angependa watu waseme hawakuona? Alijibu kwamba hiyo ni tofauti. Nikamwuliza tofauti iko wapi. Akasema tufunge kwa sala.

Baadaye nilienda kwa Nthiga. Alikuwa akinyoosha misumari iliyopinda, anaipanga juu ya meza yake ya kazi. Nilimwambia naona aibu. Alinyoosha msumari mmoja zaidi, kisha akasema, "Mwalimu, sikuombi uamini ninachoamini. Hata kanisa lenu silichukii, mama yangu alizikwa nalo. Mimi nataka tu nikisimama pale asubuhi kuomba, nisiwe naangalia nyuma." Hakuniuliza nani alirusha jiwe. Nadhani alijua, na nadhani hakutaka kunitwika.

Baba, nimezunguka mno. Aliyerusha lile jiwe ni Mutuma wetu.

Nilimwona. Alikuwa karibu na mti wa mwarobaini, shati lake jeupe limelowa jasho, na niliuona mkono wake ukienda nyuma na ukija mbele. Sijui kama aliniona mimi pale mlangoni. Sijathubutu kumwuliza, kwa maana sijui ningefanya nini na jibu.

Kabla ya kufanya chochote nilizungumza naye. Ilikuwa asubuhi, anafunga viatu aende kazini. Nilimwambia ninaenda kituo cha polisi, na ningependa twende pamoja, aseme mwenyewe. Alidhani ninatania. Kisha akasema, "Siste, hao watu ndio walitufungia mvua. Kwani wewe uko upande gani?" Nikamwambia Beth hana jicho. Akasema hakumlenga Beth, alilenga mlango. Nikamwambia mlangoni kulikuwa na watu. Akaketi tena kitandani, kamba za viatu mkononi, akaanza kulia kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, bila sauti. "Utanitaja kweli? Kwa ajili ya wapagani?" Nikasema, "Nitakutaja, Mutuma. Wangekuwa wamekutoa jicho wewe, ningewataja wao."

Hakuja nami. Nilienda peke yangu, nikaeleza nilichokiona, nikataja jina la mdogo wangu, nikatia sahihi. Walimchukua dukani mchana uleule. Hakukimbia, wala hakubisha. Hakimu ameagiza azuiliwe kituoni, na atarudishwa mahakamani wiki ijayo. Nilitaka ulisikie hili kutoka kwangu kabla hujalisikia sokoni, na kama kuna wa kulaumiwa kwa mtoto wako kulala rumande, mlaumu huyu anayekuandikia.

Najua wazee wa ukoo watataka kuja na mbuzi ili mambo yaishe nyumbani. Nthiga na Beth wakikubali, ni haki yao. Nakuomba jambo moja tu, wewe uliye mzee wa kanisa na unayesikilizwa: mtu yeyote asiwashurutishe, na mtu asiende kuwaambia watasamehewa wakirudi kanisani. Wao ndio waliokosewa. Ukija, njoo uwape pole, uketi kwenye kile kiti walichokuwa wanatutolea.

Kanisani sijakatazwa kwenda, ila nikiketi benchi, benchi hubaki yangu peke yangu. Hata hivyo naenda, kwa sababu Mungu wangu sijamwacha. Wiki iliyopita Gladys alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Hakuweza kunitazama usoni. Aliniambia ameandika taarifa yake pia, kwamba yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na kwamba alipoona mabati yakitoka aliongeza sauti ili asisikie. Tulisimama pale nje ya ofisi ya walimu, na hakuondoka mpaka kengele ilipolia.

Nthiga amesimamisha nguzo tena. Jana alfajiri nilimwona yeye na wenzake wakielekea mlimani, nami nikasimama barabarani, nimewapa mgongo, natazama njia, ili kama kuna anayekuja nimwone mimi kwanza. Niliomba sala yangu, wao wakaomba yao.

Shuleni nimepewa ruhusa ya siku chache, kwa hiyo kila asubuhi napika uji wa wimbi sufuria moja na kuutia katika chupa mbili. Moja naipeleka kituoni. Mutuma huipokea huku akitazama sakafu, lakini anakunywa. Nyingine naipeleka Embu, wodini kwa Beth. Jana aliona chupa ya pili, tupu, kikapuni mwangu, akaniuliza hiyo ninampelekea nani. Nilimwambia ukweli. Aligeuza uso upande wa jicho zima, kisha akasema ule wa Mutuma niwe nautia sukari zaidi, maana kule rumande kuna baridi.

Msalimie Mama sana, na umshike mkono unapomwambia. Wasalimie majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde hapo nyumbani, na akupe maneno ya kuniandikia, hata yakiwa makali.

Ni mimi bintiyo akupendaye,
Kagwiria