Tata Chabu wa Muti wa Beseni

Mwaka umegeuka, Tata, baba yetu. Joto la Oktoba limerudi Nchelenge, ziwa limelala kimya, na ng'ambo ya Kilwa ya Kongo haionekani kwa moshi wa vichaka, vile vile kama asubuhi ile ya 1956 ulipotuacha. Benchi yako iko pale pale chini ya paa. Na muti wako bado uko juu yake. Tunakuambia mapema kwa sababu tunajua ungeuliza hilo kwanza, hata kabla ya kutujulia hali.

Watu wa Kafutuma na wavuvi wa Chisenga walikujua kwa nyavu zako. Fundo lako halikuteleza. Mujane akileta wavu uliochanika, uliushona, ukakataa kitu chochote, ukasema ulikuwa unajaribu sindano tu. Sindano ile ilijaribiwa miaka kumi, Tata!

Lakini sisi wa nyumbani tulikujua kwa kale kamuti. Ulirudi kutoka vita ya Burma na habari moja: huko umemuona muzee aliyepanda muti ndani ya sahani, muti unamushinda umri na haumufiki goti. Watu wakacheka. Wewe ukaenda kuchimbua mukuyu mudogo uliojiotea kwenye ufa wa jiwe, ukachukua beseni la enameli la dada yako Nkonde, ukalitoboa kwa musumari. Shangazi Nkonde hakuacha kulidai.

Ulizungumza na muti kwa Kiswahili, lugha yako na Mama Eness, maana Mama ulimutoa Kilwa kwao, ulipokuwa ukivusha samaki kwenda kuuza. "Kwa Kibemba itasikia umbea ya kijiji yote," ulisema, "itakua na kichwa kubwa." Ulikata tawi hapa, ukazungusha waya wa shaba pale, ukapiga mluzi, na mutu asikuguse. Tulipokuuliza nani alikufunza, ulijibu, "Mukono yangu. Tangu siku ya kwanza sijakosa hata mara moja." Ulipenda kujisifu, Tata, tuseme ukweli.

Kifua kilipokushika, ulimupa Mama makasi. "Eness, usiiache ikue ovyo. Samaki mukunje angali mubichi." Basi. Hukumufunza neno lingine.

Mama aliuzunguka muti ule siku nyingi, makasi mukononi, akigusa tawi na kuliachia. Alipokata la kwanza, utomvu ukatoka mweupe kama maziwa. "Mawe, mama yangu! Nimeiumiza!" Akaufuta kwa pindo la chitenge, akauomba radhi. Muti haukufa. Akapata moyo, akapunguza majani, kisha akataka kuuinamisha kidogo kuelekea ziwani, vile ulivyoinama wewe ukikagua wavu. Alizungusha waya wa shaba kwenye shina, taratibu, vizuri kabisa. Ila Mama ni muke wa mushona nyavu, waya hakuuamini. Akaufunga mwisho wake kwa uzi wa wavu, kwa fundo lako lile lisilojua kuachia.

Mvua zikaja. Uzi ukalowa, ukakaza. Shina likanenepa, waya ukauma. Kufika Februari majani yalikuwa yanaanguka, kila asubuhi yamejaa kwenye benchi.

"Nikiua hii," Mama alituambia, "nitakuwa nimezika Chabu mara mbili."

Akaanza kuota muchana, akiwa amekaa tu pale na kichwa kimeegemea ukuta. Alijiona ameingia ndani ya beseni, mwanamuke mudogo kama punje, na mukuyu umekuwa mukubwa, kivuli chake hakina mwisho. Upande wa pili wa shina alisikia mluzi wako. Akazunguka shina kukufuata. Mluzi nao ukazunguka. Alizunguka mpaka miguu ikachoka, na siku zote ulikuwa upande wa pili.

Shangazi Nkonde akafika, akaangalia vijiti vitupu. "Haya, Mama Mwewa, muti imekufa. Nipe beseni yangu nioshee samaki."

"Awe, hapana," Mama akajibu. "Ngoja kwanza."

Shangazi akaenda jikoni akinung'unika. Mama akachukua koleo yako, akakata uzi, akafungua waya polepole. Ganda lilikuwa limechimbika, na alama ya fundo imebaki wazi. Akalia kwa uchungu. Kisha akapapasa kushuka chini, kuona kama kuna pengine alipouumiza, akifuta tope lililorushwa na mvua. Karibu na mizizi kidole chake kikakuta kovu jingine. La zamani, limepona na kuvimba, limezunguka shina lote. Katikati yake, alama ya fundo la wavu.

Kabla ya Mama, hakuna mukono mwingine uliowahi kuugusa muti ule. Ni wako tu.

"Chabu!" Mama alipiga kelele. "Muongo weye!"

Akacheka. Hatukuwa tumemusikia akicheka tangu tukuzike. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye muchanga. Shangazi akaja mbio akidhani ni kilio, akaonyeshwa kovu, naye akashika mbavu. Wakacheka, wakalia kidogo wakiwa wameshikana, wakacheka tena.

"Beseni ibaki," Shangazi alisema, akijifuta macho. "Hata hivyo iko na matundu."

Chipukizi la kwanza lilitokea kabla ya mvua kwisha, juu kidogo ya kidonda, dogo kama punje ya ulezi. Leo muti una majani, na umeinama kidogo kuelekea ziwani. Makovu ni mawili, lako chini na la Mama juu.

Juma lililopita Mama aliota tena. Alizunguka shina, na safari hii hukukimbia. Ulikuwa umekaa, kichwa chini, unahangaika na fundo lililokaza. Ulipomuona ulisogea, ukamupa nafasi.

Wanaokukumbuka ni muke wako Eness. Watoto wako Mwewa, Mutale na Katongo. Ndugu yako Chilufya wa Chienge. Na dada yako Nkonde, anayeumwagilia muti Mama akiwa shambani na kukana akiulizwa. Mungu akupumzishe. Siku zote utakuwa mioyoni mwetu, Tata, wewe na fundo lako.